Kambi ya Kusahau

Siku Tobias alipopewa pasi ya likizo, hakuingia nyumbani kama wanavyoingia watu wengine. Alisimama katikati ya uwanja, akachomoa bendera ya kijani ya kazini kwake, akaipunga mara tatu kwa nguvu zake zote. Kuku wa mama yake wakatawanyika, wengine wakakimbilia nyuma ya choo.

"Mama Alois!" akaita. "Njia nyeupe! Twende zetu!"

Koleta, mkewe, alikuwa anapepeta mtama. Hata hakuinua kichwa. "Twende wapi na jua lote hili? Umelewa?"

"Kigoma! Ujiji! Halafu juu kabisa, milimani Uha! Mimi na wewe na watoto, kwa gari moshi, bila nauli! Reli wenyewe wameidhinisha!"

Ungo ukatulia mikononi mwa Koleta. Watoto watatu wakatokea pande tatu kana kwamba wameitwa kula. Na pale mlangoni pa jiko, Bibi Minza, mama yake Tobias, aliyekuwa akibangua karanga, vidole vikasimama. Karanga moja ikamdondoka, akaiacha palepale chini.

Huyu Tobias msimcheke upesi. Mwaka ulikuwa wa hamsini na mbili, Mwingereza bado kaishika nchi, na Tobias alikuwa mshika bendera pale stesheni ya Tabora. Miaka kumi na mmoja alikuwa amewapungia bendera watu wanaokwenda Kigoma. Wanyakyusa, Wahindi, mapadre, wake wa askari, mbuzi, wote wamepita mbele yake wakielekea magharibi, na yeye mwenyewe hajafika hata Usoke, stesheni ya jirani tu. Jioni anapanda baiskeli yake, anarudi kwao Itetemia, mwendo wa saa mbili kwa mtembea kwa miguu, anakula ugali, analala. Jamani, na mtu wa namna hiyo asirukeruke?

Lakini furaha ya Tobias na kule kusimama kwa vidole vya mama yake ni vitu viwili tofauti, na cha pili ni kirefu zaidi.

Baba yake Bibi Minza aliitwa Ngollo. Alikuwa mpagazi wa misafara zamani zile, kabla reli haijafikiriwa na mtu yeyote. Alibeba pembe za ndovu na marobota ya nguo kati ya Ujiji na Tabora mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine. Safari moja alirudi na mke, binti wa milimani kule Uha, aliyemtolea mahari ya majembe. Binti huyo ndiye aliyemzaa Minza. Naye, mpaka anaingia kaburini, hakuacha kusimulia habari za kwao: kilima, na nyuma ya kilima kilima kingine, na nyuma yake tena kingine, na asubuhi ukisimama mlangoni unayaona mawingu yako chini ya miguu yako.

Watu wa Itetemia wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nchi yao ni tambarare, miyombo na mashamba mpaka macho yachoke. Mawingu chini ya miguu! Kwani kwao wanaishi mbinguni? Wakambandika jina, Mama Mawingu, na akafa nalo. Minza alipigana kisimani na wasichana wenzake kwa ajili ya jina hilo, akang'olewa jino moja na yeye akang'oa mawili. Tobias alipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili alimuuliza mama yake anataka nini duniani, na mama akamjibu: "Sitaki ng'ombe wala nguo. Nataka nijue kama mama yangu alikuwa anasema kweli."

"Nikiwa mkubwa nitakupeleka ukaone," Tobias akasema.

Sasa alikuwa mkubwa. Alikuwa na kipara na watoto watatu.

Basi matayarisho yakaanza. Tobias alinunua daftari jipya na penseli ya rangi mbili, akawa haachani navyo. Kila jioni aliketi kwenye kigoda, watoto wamemzunguka, akapanga ratiba ya safari kama vile ameajiriwa na serikali kuipanga.

"Saa moja na nusu asubuhi, kunawa uso," alisoma. "Saa moja na dakika arobaini, chai. Saa mbili kasoro dakika tano, Ngollo kwenda haja."

"Na asipotaka?" Koleta akauliza.

"Atataka. Imeandikwa."

Koleta alicheka akajipiga mapaja. Ngollo, kitinda mimba wa miaka mitano, alitazama daftari kwa wasiwasi. Mtoto huyu alipewa jina la yule mpagazi, kwa hiyo Bibi Minza alimwita "baba", na yeye alilichukua jambo hilo kwa uzito wote. Alimwita bibi yake Minza kavukavu, na mara nyingine alimkaripia asikae juani. Ole wako umwambie kuwa yeye ni mjukuu tu.

"Baba, mlima ukoje?" aliuliza Bernadeta, wa miaka tisa, ambaye maswali yake yalikuwa hayana breki.

Tobias akakohoa. Mlima hajapata kuuona. Akauvuta ugali uliokuwa kwenye sinia, akaukusanya kwa mikono miwili, akaufanya mrefu, wenye ncha. "Mlima uko hivi. Huku unapanda, huku unashuka. Juu kuna baridi."

Wote wakautazama. Ngollo akanyoosha mkono, akakata kilele, akachovya kwenye mlenda, akala.

"Huo umekwisha," akasema.

Bibi Minza ndiye aliyewafundisha safari yenyewe. Alisema daftari ni zuri kwa mtu anayejua kusoma, lakini msafara una desturi zake. Kwanza, lazima awepo kiongozi, anayetangulia, naye akawa Bernadeta, kwa sababu ya sauti. Pili, kila mtu ana mzigo wake, hata mdogo, hata kama ni kibuyu kitupu. Alois, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na kujiona mzee wa baraza, akapewa debe la kupiga ngoma. Kila jioni jua linapopungua ukali walizunguka nyumba mara saba, debe likilia, mizigo kichwani, Bibi nyuma yao na fimbo akipiga kelele, "Nyooka! Shingo! Huo ni mzigo au ni ugonjwa?"

Jirani yao Sylvester aliacha jembe akaja kuegemea ua. "Tobias! Hizo pembe mtaziuza wapi? Bei imeshuka!"

"Wewe cheka tu," Tobias akamjibu, "utatuona tukirudi tumenona."

Tatu, usiku wa kuondoka unapokaribia, kiongozi husimama akataja majina. Anayetajwa hujibu "Nipo!" na tangu hapo ni mtu wa msafara. Asiyetajwa hakai akaomba. "Baba yangu alisema anayeomba kwenda atakuwa wa kwanza kuchoka," Bibi alieleza. "Unangoja utajwe. Ukitajwa, haya. Usipotajwa, unafunga mdomo unarudi shambani."

Na nne, jambo ambalo lilimtia Tobias kichaa, ni kambi ya kwanza.

"Tutaondoka siku moja kabla," Bibi alisema, "tulale mjini."

"Mama! Gari moshi linaondoka saa kumi na moja jioni. Tukitoka hapa baada ya chakula cha mchana tunafika stesheni tunapunga upepo. Tulale mjini kwa nini?"

"Msafara wa Ujiji ulikuwa wa mwezi mzima. Siku ya kwanza wanatembea kidogo tu, hata moshi wa kwao bado wanauona, wanatua. Unajua kwa nini? Mtu akiwa kwake hajui alichosahau. Akishautua mzigo ugenini, akaufungua, ndipo anashika kichwa. Wakiwa karibu, anarudi kesho yake asubuhi kukichukua. Wakiwa mbali, ndiyo basi tena. Baba yangu aliiita kambi ya kusahau."

"Mimi sisahau kitu. Kila kitu kimeandikwa humu." Akaligonga daftari.

"Nakuomba hilo moja tu," Bibi akasema, na akarudi kwenye karanga zake.

Moja tu. Tobias alilisikia neno hilo, na roho ikamsuta, maana alijua jambo ambalo hakulisema.

Koleta aliligundua wiki moja kabla ya safari. Walikuwa shambani wawili tu, wanachimba mihogo, akasimama akafuta jasho. "Baba Alois, kwenye ile fomu ya pasi, mama ulimwandika?"

"Fomu ilitaka mke na watoto."

"Sikukuuliza ilitaka nini."

Tobias akachimba kwa bidii ya ghafla. "Mama ni mzee. Miguu yake unaijua. Kule baridi. Na kuku? Na nyumba nani ataiangalia? Isitoshe hajasema kuwa anataka kwenda."

"Hawezi kusema, na wewe unajua hawezi kusema. Si umemsikia? Hebu niambie, wewe mtoto wa mwanamke yule, kwa nini anawazungusha wanangu na mizigo kila jioni? Kwa ajili ya afya yake?"

"Nauli yake itatoka wapi?"

Koleta alimtazama tu kichwani, penye kipara, na Tobias akajua anachokitazama. Nyumbani, juu ya kabati, lilikuwapo kopo la chai, na ndani yake mlikuwa na akiba ya pama. Tobias alikuwa amelipenda pama moja, kofia ya ukingo mpana, la rangi ya kahawia katika duka la mtaa mkubwa pale mjini, amelijaribu mara nne mpaka mwenye duka akaanza kulificha. Alikusudia alivae Kigoma, apigwe picha ziwa likiwa nyuma yake. Picha hiyo aliitundika moyoni miaka mingi.

"Wafanyakazi wote wa reli wana pama," alisema kwa unyonge.

"Haya," Koleta akasema. Siku tatu zilizofuata sufuria za nyumba ile zilipigishwa kelele kuliko debe la Alois.

Ikafika jioni ya mwisho. Mizigo imefungwa, imepangwa ukutani. Bibi Minza alikuwa ameoga, amevaa khanga yake nzuri, ameketi kwenye mkeka miguu ameinyoosha, mgongo umenyooka. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa msichana. Bernadeta akasimama katikati, baba yake akampa ile pasi asome, kwa kuwa majina yalikuwa humo.

"Tobias!"

"Nipo."

"Koleta!"

"Nipo," Koleta akasema, kwa sauti ambayo hata mbwa aliielewa.

"Alois!" Nipo, na debe juu yake. "Bernadeta! Mimi mwenyewe, nipo! Ngollo!"

"Nipo na mzigo wangu!"

Bernadeta akaigeuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu. Akaigeuza tena. Akamtazama baba yake. Tobias alikuwa anachonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka.

Bibi Minza akangoja kidogo. Halafu akajishika magoti, akainuka. "Vema," akasema. "Msafara umetajwa. Ngoja nikafunge kuku." Akaenda kuwafunga kuku, akakaa huko muda mrefu kuliko kuku wanavyohitaji. Aliporudi aliwaambia watoto hadithi ya fisi aliyekwama kwenye mtego, wakacheka wote, na yeye akacheka nao. Tobias peke yake ndiye aliyeisikia hadithi ile tangu mwanzo hadi mwisho bila kuelewa hata neno.

Asubuhi wakaondoka. Tobias alikubali ile kambi ya kwanza, nadhani kwa kuwa mtu aliyenyima kikubwa huona raha kutoa kidogo. Baiskeli ilipakiwa masanduku, Bernadeta akatangulia na manyoya ya jogoo kichwani, debe likalia. Bibi aliwasindikiza mpaka kwenye njia panda. Akambusu kila mtoto. Kwa Tobias alisema, "Mkitua, fungueni mizigo yote. Kila mtu aseme alichosahau. Usiwaache walale kabla."

"Ndiyo, mama."

"Haya, nendeni."

Walitua Mtendeni, mtaa wa pale mjini, kwa Kornel, kaka yake Koleta, fundi cherehani ambaye baraza yake ilijaa vitambaa na wateja wasiokuwa na haraka. Adhuhuri walikula wali na kisamvu. Alasiri, Bernadeta akapanda juu ya sanduku, akaamuru mizigo ifunguliwe. Kornel akaacha cherehani ili atazame.

"Kila mtu aseme alichosahau! Mama!"

Koleta akapekua. "Loo! Chumvi. Na kisu."

"Alois!"

"Manati yangu. Nitapigia nini nyani?"

"Mimi kitana. Baba!"

Tobias akatabasamu kwa dharau. "Mimi sijasahau kitu. Subirini niwasomee humu..." Akapeleka mkono mfukoni. Akaupeleka mfuko wa pili. Akafungua sanduku, akatoa shati, akatoa suruali, akatoa viatu, akavikung'uta. Daftari halikuwamo. Lilibaki juu ya kigoda, Itetemia, na ratiba yake yote, na saa ya Ngollo kwenda haja.

Kornel alicheka akaanguka juu ya mteja. Koleta alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mihogo. Hata Tobias mwenyewe hakujizuia.

"Ngollo!" Bernadeta akaita katikati ya vicheko. "Wewe umesahau nini?"

Ngollo alikuwa ameufungua mzigo wake mdogo. Mlikuwa na kibuyu, na mahindi mawili ya kuchoma, moja limeumwa, na jingine zima. Alilishika lile zima.

"Nimemsahau mwanangu," akasema. "Nimemsahau Minza."

Kicheko kikakatika kama mtu ameziba mdomo wa debe. Mtoto hakulia. Alisema kwa ukali, uso ameukunja, kama baba mtu mzima aliyekasirika kwa uzembe wake mwenyewe, na akaendelea, "Si alisema tukiwa karibu tunarudi kuchukua? Tuko karibu. Mimi narudi." Na akaanza kufunga mzigo.

Tobias alikaa chini pale barazani. Aliona aibu, aibu ya kweli, inayopasha masikio moto. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa na akili za kuahidi. Sasa ana arobaini na mbili, na ahadi imebaki kwa kuku. Na mama yake, aliyekatazwa na desturi kuomba, hakuomba. Aliwafundisha tu namna ya kurudi.

"Hurudi wewe," akamwambia Ngollo. "Nitarudi mimi. Kesho alfajiri."

Koleta hakusema "nilikuambia". Mke mwema huyo. Aliingia ndani, akatoka na lile kopo la chai alilokuwa amelipakia mwenyewe chini ya nguo za watoto, akaliweka mbele ya mumewe.

"Hili sikulisahau," akasema.

Alfajiri Tobias alikuwa juu ya baiskeli, nyuma amefunga mto wa kukalia. Alipofika Itetemia jua ndiyo kwanza linachomoza, na mtu wa kwanza kumwona uwanjani kwao alikuwa Sylvester, anawamwagia kuku mtama.

"Wewe unafanya nini hapa?" Tobias akamuuliza.

"Nakaa na kuku wako siku kumi," Sylvester akasema. "Mama yako alinipa kazi hiyo wiki iliyopita. Hamkuambiana?"

Bibi Minza alikuwa kwenye kigoda mbele ya mlango. Ameoga. Khanga ni ileile nzuri. Kitambaa kimefungwa kichwani, furushi liko miguuni, na juu ya furushi, daftari.

"Mwangaluka, mama," akamwamkia.

"Mwangaluka. Mbona umechelewa? Msafara wa baba yangu, aliyesahau alikuwa amekwisha kufika kabla ya jua."

Tobias akaiegemeza baiskeli, ikaanguka, akaiacha. "Nimekuja kuchukua nilichosahau."

"Hili hapa." Akamnyooshea daftari.

"Si daftari, mama."

"Najua si daftari."

Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mtu mzima, mfanyakazi wa reli. "Nisamehe. Nilikuahidi, nikajifanya sikumbuki. Ulijuaje kama nitarudi?"

"Sikujua," Bibi akasema. "Nilisema, kama mwanangu ana akili atarudi asubuhi. Kama hana, basi nitakuwa nimeoga bure." Midomo yake ilikuwa inatetemeka, kwa kucheka au kwa kulia, Tobias hakuweza kuamua. "Sasa usinichezee. Sijaondoka. Mimi mtu hajanitaja."

Tobias akainuka. Akajifuta magoti, akasimama wima kama asimamavyo kazini treni ya abiria inapoingia.

"Minza binti Ngollo!"

"NIPO!" Bibi akapaza sauti, na kuku wakatawanyika tena, na Sylvester akamwagikiwa mtama wote.

Njia nzima alikaa upande juu ya ule mto wa nyuma, mkono mmoja kiunoni mwa mwanawe, mwingine umeshika furushi. Kwenye mchanga mzito alishuka, Tobias akasukuma. Penye mteremko alipiga vigelegele. "Polepole! Mimi si gunia la karanga!" na mara akisahau, "Kaza! Kaza mguu!" Waliokuwa wakienda sokoni waliwapisha wakiwapigia makofi. Mtendeni yote ilitoka nje walipowasili, na Ngollo akamkabidhi mwanawe lile hindi la kuchoma, gumu kama jiwe. Bibi akalila lote kwa meno aliyokuwa nayo.

Akiba ya pama ikageuka tiketi ya daraja la tatu, na kilichobaki kikanunua chumvi, kisu na kitana. Saa kumi na moja jioni bendera ilishikwa na Nikolaus, mwenzake Tobias, na Tobias akaiona kwa mara ya kwanza kutoka upande wa watu wanaokwenda. Alipunga mkono mpaka stesheni ikapotea. Ngollo alitaka kwenda haja papo hapo, kinyume cha ratiba.

Kigoma waliiona, na ziwa, na Ujiji, ambako Bibi alitembea barabara nzima akitazama chini, akitafuta nyayo za baba yake, alivyosema, na akicheka mwenyewe kwa kusema hivyo. Siku ya nne wakapata lori la mfanyabiashara wa chumvi linalopanda Kasulu. Lilipanda, likapinda, likapanda tena. Bibi Minza alikaa mbele na dereva. Watoto nyuma walihesabu: kilima, nyuma yake kilima, nyuma yake kingine, mpaka hesabu ya Bernadeta ikamshinda, na Bernadeta hakuwa mtu wa kushindwa.

Walilala katika kijiji cha njiani, na asubuhi dereva akasimamisha lori juu kabisa ukingoni, injini ipoe. Wakashuka wakitetemeka. Kipara cha Tobias kiliona baridi ambayo hakijapata kuiona, na mama yake akakifunga kitambaa chake cha kichwani, fundo chini ya kidevu. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama Tobias.

Chini yao, bonde lote lilijaa mawingu. Meupe, yametulia, yamelala kati ya milima, na wao wamesimama juu yake.

Bibi Minza akasogea mpaka ukingoni. Akatazama kwa muda. Halafu akaupiga mguu chini mara moja, kama mtu anayehakikisha kwamba amesimama.

"Tueni mizigo," akasema. "Nataja mimi. Tobias!"

"Nipo!"

"Koleta!" Nipo. "Alois!" Nipo. "Bernadeta!" Nipo. "Baba!"

"Nipo," Ngollo akajibu, na akamshika mkono.

Akavuta pumzi. Akapaza sauti, na milima ikaipokea ikairudisha:

"Mama Mawingu!"

Wakatazamana. Bibi alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

"Yupo," akajibu mwenyewe. "Yupo, na alisema kweli."

Kisha akamwambia Bernadeta atangulie, kwa kuwa injini ilikuwa imepoa na dereva anaita.